Dansi, taarabu, Busara au tamasha la uwanjani: usiku wako mmoja uupeleke wapi?

Swali hili huja sana Desemba na Februari. Mtu ana wikendi moja na akiba kidogo, anataka muziki unaopigwa mbele ya macho yake, na hajui aende wapi. Huenda anaishi Mwanza au Nairobi, au amekuja likizo kutoka Muscat. Kabla ya kumjibu, mimi humuuliza: unataka mwanamuziki akae nawe muda gani?

Watu wengi huchagua kwa jina la msanii lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Jina lina maana yake, lakini halikuambii utapata nini ukishafika. Muda unakuambia mengi zaidi. Mwanamuziki aliyepewa dakika kumi anakupa anachojua unakipenda. Akipewa saa nne anakupa anachojua yeye.

Nalinganisha mambo manne. La kwanza ni usiku wa dansi Dar es Salaam, na bendi kama Msondo Ngoma, Sikinde au Kilimanjaro Band, ile ya Wananjenje. La pili ni taarabu, na humo taarabu asilia ya Unguja nitaitenga na ya kisasa kwa sababu anayeifuata hii hafuati kitu kilekile kama anayeifuata ile. La tatu ni Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Februari ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar. La nne ni tamasha kubwa la Bongo Fleva, lenye wasanii wengi kwenye bango moja, kama Fiesta au Wasafi Festival.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Nayapenda yote manne na nimetoka kwenye yote nikiwa na furaha. Lakini kama hujawahi kusimama mbele ya bendi kamili ya dansi, yenye magitaa matatu na watu wa kupuliza, nakusihi uanze hapo.

Muda

Kwenye tamasha la uwanjani, hesabu ni rahisi. Majina yakiwa kumi na tano na usiku ni mmoja, kila msanii anapata dakika chache: ubeti wa wimbo huu, kiitikio cha ule, salamu kwa mji, kisha anampisha mwenzake. Yule mkubwa huja mwisho, mara nyingi saa sita au saa saba usiku, na wewe umesimama tangu jioni. Kama umemfuata yeye peke yake, jiandae kusubiri. Kama umefuata shangwe yenyewe, kusubiri huko ni sehemu ya starehe, kwani uwanja wa maelfu ya watu wanaoimba kiitikio kimoja ni kitu ambacho ukumbi mdogo hauwezi kukupa.

Busara inatoa zaidi. Kundi hupewa kiasi cha saa moja au pungufu kidogo, na lazima lipige laivu. Sharti hilo la kupiga laivu, bila kuimba juu ya rekodi, ndilo lililolipa tamasha hili heshima yake tangu lilipoanza mwaka 2004. Kwa saa moja unaweza kumjua mwanamuziki usiyewahi kumsikia. Kumzoea ni jambo jingine, na mara nyingi ndipo unapoanza kumwelewa ndipo anaposhuka.

Sasa dansi. Bendi inaanza saa tatu au saa nne usiku na inaweza kupiga hadi saa nane au saa tisa. Mwanzoni ukumbi una watu wachache, vijana wa bendi wanapasha moto, waimbaji wakongwe bado wamekaa pembeni na soda. Usidharau saa hiyo. Ndipo unaposikia kila gitaa peke yake, kabla kelele za watu hazijajaa. Kisha wanapanda wakubwa, na unaanza kuelewa kwa nini wimbo wa dansi umegawanyika sehemu mbili. Ya kwanza inakwenda taratibu: kisa kinasimuliwa, sauti mbili tatu zinaimba pamoja, gitaa la solo na la rithimu yanajibizana, tarumbeta na saksafoni zinaingia kati ya ubeti na ubeti. Halafu linakuja chemko. Maneno yanapungua, magitaa yanashika kipande kimoja na kukizungusha, tumba zinapanda, na wapulizaji wanarudi na kipande kifupi wanachokirudia hadi mwili wako unakikariri.

Kwenye rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo ndizo wengi tunazozisikia mtandaoni, chemko lina mwisho unaojulikana. Ukumbini halina. Mpiga solo anawaangalia wachezaji. Akiona wamekolea anaongeza, akiona wamechoka anafunga. Nimesikia kibao ninachokijua tangu utotoni kikirefushwa kiasi kwamba mhudumu alipita meza zote, akachukua oda, akarudi na vinywaji, na wimbo ulikuwa uleule. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kulipa kiingilio. Wimbo ule, kwa urefu ule, ulikuwa wa watu waliokuwapo usiku ule tu.

Ukubwa wa bendi hizi una historia yake. Baada ya uhuru, bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi za umma. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, yenye mtindo wa Sikinde, ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa mali ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Shirika la mabasi la UDA lilikuwa na bendi, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, Polisi na JKT walikuwa na zao, na Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya taasisi. Ndiyo maana bendi moja iliweza kulisha wapiga magitaa wanne na wapulizaji watatu, na kufanya mazoezi katikati ya wiki kama watu waendao kazini.

Mfumo huo ulipoyumba, disko zikaja, kinanda cha umeme kikaweza kufanya kazi ya watu watano, na Bongo Fleva ikachukua vijana. Muhidin Maalim Gurumo, aliyeimba NUTA kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, alifariki mwaka 2014. Shaaban Dede alimfuata mwaka 2017, na King Kikii mwaka 2024. Bendi bado zinapiga, na vijana wameingia, lakini kila mwaka sauti zilizotengeneza muziki huu zinapungua. Tamasha la uwanjani litakuwapo mwakani. Kwa dansi sina uhakika wa namna hiyo, na hilo linaongeza uzito kwenye mizani yangu.

Taarabu asilia nayo ina muda, ila ni muda wa aina nyingine. Wanamuziki wamekaa. Wanaanza na bashraf, kipande kisicho na maneno, na hakuna anayeharakisha. Qanuni yenye nyuzi zaidi ya sabini inatangulia, fidla zinaifuata kwa pamoja, akodiani na nai zinajaza, ngoma ya dumbak na tari ya rika vinashikilia mwendo. Ukizoea muziki unaoanza na kishindo, dakika tano za kwanza utajiuliza mwimbaji yuko wapi. Vumilia. Bashraf inatuliza ukumbi hadi neno la kwanza la shairi lisikike na kila mtu.

Maneno

Kama wewe ni mtu wa maneno, hapa hakuna ushindani: nenda taarabu.

Muziki huu ulianzia kwenye kasri za masultani wa Zanzibar na kwa muda mrefu uliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ndiye aliyeupeleka kwa watu wa kawaida kwa lugha yao, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Tangu hapo shairi la Kiswahili, lenye vina na mizani yake, ndilo lililobeba kila kitu. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club wameendelea kulinda namna hiyo ya kuimba. Mombasa nayo ina yake. Juma Bhalo aliimba mashairi mazito juu ya lahani zenye ladha ya Kihindi, na mpaka leo kuna nyumba ambazo jioni haipiti bila sauti yake.

Shairi la taarabu halikwambii moja kwa moja. Linazungumza juu ya ua, jahazi, ndege au njia iliyofungwa, na kila aliyeko ukumbini anajua limemgusa wapi. Mshororo ukikufika, unanyanyuka, unatembea taratibu hadi mbele, na kumtunza mwimbaji kwa pesa. Wakati mwingine pesa ile ni shukrani. Wakati mwingine ni ujumbe kwa mtu aliyekaa safu ya tatu, naye anajua. Usisahau kubeba noti ndogondogo. Mgeni akienda kutunza kwa adabu hupokewa vizuri, na mwimbaji humpa jicho na ubeti.

Taarabu ya kisasa ilichukua ujumbe huo uliofichwa ikaufunua. Mipasho inasema wazi, kinanda na gitaa la besi vimechukua nafasi ya qanuni, na mwendo ni wa kucheza. Khadija Kopa amekuwa sauti yake kubwa kwa miongo kadhaa. Wapo wanaoibeza kwa kuipima na taarabu asilia, na mimi sikubaliani nao. Ukumbi uliojaa wanawake waliovaa sare, wakiimba kila neno na kunyoosheana vidole kwa furaha, una nguvu ambayo hakuna muziki mwingine wa pwani unaoikaribia. Ila kama unachotafuta ni qanuni na shairi la taratibu, hutakikuta hapo, na utarudi nyumbani hujaridhika bila kosa la mtu yeyote.

Dansi inashika nafasi ya pili kwa maneno. Inasimulia: mfanyakazi na mshahara usiotosha, mke aliyeachwa kijijini, rafiki aliyemgeuka mwenzake. Mbaraka Mwinshehe na Remmy Ongala walifanya nyimbo zao ziwe magazeti ya wasioandikwa magazetini. Ukitaka kuyapata maneno hayo vizuri, nenda mapema, kwa sababu saa saba usiku waimbaji wanasikika chini ya kelele za shangwe.

Uwanjani unakwenda na maneno yako mwenyewe. Umeshayakariri nyumbani, na raha ni kuyaimba na wengine. Busara, nusu ya nyimbo zitakuwa kwa lugha usizozijua. Hilo halijawahi kunisumbua.

Kucheza

Hapa niende haraka. Dansi inacheza kila mtu, mwenye umri wowote, na hakuna anayekutazama. Sehemu ya kwanza wawili wawili, chemko kila mtu kivyake au mstari mmoja wa marafiki. Taarabu asilia haichezwi isipokuwa ule mwendo wa kwenda kutunza, ambao wenyewe ni mchezo kwa anayeuweza. Taarabu ya kisasa inachezwa sana. Busara, mbele ya jukwaa kuna nafasi na kuna wageni wanaocheza kila mtu kwa namna ya kwao. Uwanjani mara nyingi hamna pa kunyanyua mkono.

Kusikia usichokijua

Kwa hili Busara haina mpinzani Afrika Mashariki. Ndani ya usiku mmoja unaweza kutoka kwenye ngoni ya Mali ukaingia kwenye mbira ya Zimbabwe, na katikati ukamsikia kijana wa Unguja aliyesoma udi. Hilo la mwisho si la bahati. Tangu mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha vijana wa visiwani qanuni, udi na fidla pamoja na vyombo vya kigeni, na matunda yake yanasikika kwenye makundi kama Siti and the Band, yanayochanganya taarabu na midundo mingine bila kuipoteza taarabu.

Ushauri wangu kwa Busara ni huu: usiende ukiwa umekariri ratiba. Chagua kundi moja au mawili ambayo hutaki kuyakosa, na usiku uliobaki uuache wazi. Muziki ulionikaa rohoni zaidi pale ulitoka kwa watu ambao majina yao sikuyajua walipopanda. Na usikose gwaride la ufunguzi mitaani, lenye beni, ngoma na watoto wanaokimbia mbele ya wapulizaji. Hilo halina tiketi.

Jambo jingine ambalo mashabiki wengi hawalipi uzito: tamasha hili halisimami lenyewe. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa mbali, na kimewekwa hivyo makusudi ili wenyeji wasibaki nje ya ukuta. Ukiipenda Busara, nunua tiketi yako, usitafute njia ya kuingia bure.

Mfuko, boti na kalenda

Kwa mkazi wa Dar, dansi ndiyo nafuu kuliko yote. Kiingilio ni cha kawaida, kumbi nyingine hazitozi kabisa na zinategemea vinywaji, na nauli ni ya ndani ya mji. Gharama kubwa ni ya kurudi usiku wa manane, kwa hiyo panga usafiri kabla. Bendi huwa na siku na ukumbi wake kwa wiki, nao hubadilika. Usitegemee ulichoambiwa mwaka juzi. Piga simu ukumbini au ulizia mashabiki. Ukisikia Msondo na Sikinde wanapambana sikukuu, acha mambo mengine. Bendi mbili zinazojuana tangu miaka ya 1970, kila moja ikijua mwenzake amepiga nini, hupiga kwa bidii ambayo usiku wa kawaida hauioni.

Busara ndiyo ghali zaidi kwa asiyeishi Unguja, na tiketi ni sehemu ndogo tu ya gharama hiyo. Kuna boti, ambayo ya kasi huchukua kama saa mbili kutoka Dar, na kuna malazi. Vyumba vya Mji Mkongwe hujaa na kupanda bei siku zile. Wenye akiba ndogo hulala Michenzani au Kikwajuni na kutembea kwa miguu, na hawakosi kitu. Chakula si tatizo, Forodhani iko mbele ya ngome. Bakuli la urojo kabla ya kuingia litakubeba hadi usiku wa manane.

Taarabu asilia ni nafuu lakini ni ngumu kuipata ukifika bila taarifa. Sikukuu na harusi ndizo nyakati zake. Siku nyingine, fika Unguja, uliza vikundi vinafanya mazoezi lini, na omba ruhusa ya kukaa na kusikiliza. Mazoezi hayo, watu kumi kwenye chumba bila spika kubwa, kwangu yana thamani kuliko onesho la hotelini linalopigwa huku watu wanakula.

Kwa lolote la visiwani, angalia mwezi. Wakati wa Ramadhani muziki husimama Zanzibar, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, miaka hii Ramadhani imesogea karibu na Februari. Tarehe za Busara zithibitishe kabla ya kulipa nauli. Angalia pia mvua. Ngome Kongwe haina paa, na Februari ya kaskazi ina joto lakini huwa kavu, wakati Machi mwishoni masika yanaweza kuanza. Na ukitoka nje ya ngome, vaa kwa staha ya mji ule. Kanga au shuka begani haina uzito.

Tamasha la uwanjani liko kati kwa gharama. Tiketi ya kawaida si kubwa, ila ukitaka kumwona msanii kwa macho badala ya skrini utalipia eneo la mbele, na bei huruka. Faida yake kubwa ni kwamba linakufuata. Fiesta na wenzake huzunguka mikoa, kwa hiyo mtu wa Mwanza, Dodoma au Mbeya hahitaji kupanda basi la siku nzima.

Spika na mahali pa kusimama

Chochote utakachochagua, mahali unaposimama panaweza kubadilisha usiku mzima. Kwenye tamasha la uwanjani, tafuta hema la fundi mitambo na usimame karibu nalo. Yeye anarekebisha sauti kwa masikio yake, kwa hiyo pale alipo ndipo muziki unaposikika sawasawa. Mbele kabisa utapata besi tupu inayotetemesha kifua na maneno hutayasikia. Ngome Kongwe, ngazi za mawe za ukumbi wa duara zinasikika vizuri na unapumzisha miguu. Ukumbi wa dansi ni kinyume: spika ni chache na mara nyingi zimezeeka, lakini vyombo vyenyewe viko karibu. Kaa upande wa wapulizaji, hatua chache kutoka jukwaani, mbali na spika. Tarumbeta haihitaji mitambo ili ikufikie. Taarabu asilia, kaa mbele, upande wa qanuni.

Na tuyatunze masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wastani wa sauti kwenye maonesho usizidi desibeli 100, na kwamba pawepo sehemu tulivu za kupumzika. Sehemu nyingi kwetu hazipimi chochote. Vizibo vidogo vya masikio vinauzwa kwa bei ndogo, havikuzuii kusikia muziki, na anayependa muziki kwa dhati anataka kuusikia akiwa na miaka sabini. Ukirudi nyumbani masikio yakilia mpaka asubuhi, ulisimama karibu mno.

Msanii anayepiga kweli

Swali la mwisho kwa wapenzi wa Bongo Fleva, kwa sababu sitaki ionekane nimewatupa. Wapo wasanii wa muziki huu wanaopanda na bendi kamili na wanaoimba kwa koo zao. Lady Jaydee alijenga heshima yake ya jukwaani akiwa na Machozi Band, na Barnaba anashika gitaa na kulipiga mwenyewe. Zuchu, binti wa Khadija Kopa, ana sauti iliyotoka kwenye nyumba ya taarabu, na ukimsikia na wapiga vyombo halisi nyuma yake utaitambua. Kwa hiyo, badala ya tamasha la majina kumi na tano, tafuta usiku wa msanii mmoja ukumbini, ambao tangazo lake linasema wazi kuna bendi laivu. Utalipa zaidi kidogo, utapata saa moja na nusu au mbili za mtu mmoja, na utazisikia nyimbo ambazo redio haizipigi.

Unakwenda na nani

Ukiwa peke yako, nenda Busara. Ni rahisi kuzungumza na jirani pale kwa sababu kila mtu anauliza "hawa wanatoka wapi?" Ukiwa na kundi la vijana wa umri mmoja wanaotaka kupiga kelele, uwanjani ndiko kwenu. Ukiwa na mama, shangazi na dada zako, taarabu ya kisasa, na kubalianeni rangi ya vitenge mapema. Ukiwa na mtu mmoja tu unayempenda na mnataka kukaa kimya pamoja, taarabu asilia.

Na kama una mzazi au mjomba aliyekuwa kijana miaka ya 1970, mpeleke kwenye dansi. Chagua siku bendi inapoanza mapema, mara nyingi Jumapili jioni, ili asikeshe. Mkae upande wa wapulizaji. Kabla ya kutoka nyumbani muulize kibao alichokuwa akikipenda, andika jina lake kwenye kipande cha karatasi, kifunge na noti, na umpe kiongozi wa bendi yeye mwenyewe kabla ya saa tatu. Baada ya hapo karatasi huwa zimejaa mfukoni mwake.